Brashi, Chai na Zaburi: Vidokezo kwa Mchoraji Mwenye Ulemavu

Kama unaishi Kericho au Bomet na mwili wako una sehemu isiyokutii, bila shaka umeshazoea kuambiwa mambo mawili kanisani: kwamba utaombewa, na kwamba umewekewa kiti pale pembeni. Naomba kuongeza la tatu: shika brashi. Vilima hivi, mito hii na mwanga huu wa asubuhi vimekuwa vikimtangaza Muumba tangu kabla ya kanisa kujengwa, na mtu anayevitazama kwa saa nyingi mahali pamoja ana ushuhuda ambao wapitanjia hawana.

Vidokezo hivi ni vya anayetumia kiti cha magurudumu au mikongojo, anayechora kwa mdomo au kwa mguu, anayeona kidogo na asiyesikia. Ni vya mama, kaka au mchungaji anayetaka kusaidia pia. Vingine ni vya mikono, vingine vya roho, na nimevichanganya kwa makusudi.

1. Usisubiri kupona ndipo uanze

Hospitali ya Tenwek huko Bomet, iliyoanzishwa mwaka 1937, inajulikana kwa kaulimbiu yake kwamba wao hutibu na Yesu huponya. Ni neno jema na limewatia nguvu wengi. Ila mwenye ulemavu hulisikia kwa sikio lake. Amewekewa mikono kwenye mikutano ya injili mara nyingi, na kila asipoinuka kuna macho yanayomwambia kuwa imani yake ni ndogo. Hilo ni jambo la kuumiza, na halina msingi. Soma Yohana 9: wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, na Yesu akalikataa swali lenyewe. Soma Kutoka 4: Musa alipolalamika kuwa ulimi wake ni mzito hakupewa ulimi mwingine, alipewa kazi na ndugu wa kumsaidia. Kisha fungua Kutoka 31, umwone Bezaleli akijazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi ya ufundi wa mikono, ya dhahabu, mawe na mbao.

Omba uponyaji ikiwa moyo wako unautaka. Rangi iendelee kukorogwa.

2. Anza saa moja asubuhi

Kericho iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, na hali yake ya hewa ina ratiba. Asubuhi huwa safi. Kadiri jua linavyopanda, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda kuelekea milima ya Mau, mawingu hukusanyika, na kufikia saa nane au saa tisa mchana ngurumo huanza. Eneo hili hutajwa miongoni mwa yanayopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, kwa wastani takriban siku 50 kwa mwaka. Mtu mwenye miguu hukimbia. Wewe unahitaji dakika zako za kukusanya vitu, kwa hiyo funga kazi ifikapo saa sita na umwambie anayekusukuma mapema.

Asubuhi ina faida nyingine. Jua la chini hulala juu ya chai kwa upande, kila mstari unapata kivuli, na umbo la kilima linajitokeza lenyewe. Saa sita kivuli kinakwisha na shamba linakuwa kijani kitupu, gumu kulichora.

3. Chora ulichopewa kukiona

Barabara za mashambani huku ni za udongo mwekundu, na ikinyesha tope lake halina huruma kwa gurudumu wala kwa gongo. Usijilazimishe kufika kwenye ile sehemu nzuri ambako kila mtu hupiga picha. Baraza ya nyumba, dirisha la jikoni, kivuli cha mti karibu na kituo cha kununulia chai: hapo pana kazi ya mwaka mzima. Chora mti mmoja kila mwezi uone unavyobadilika. Kama una tebeswet karibu, tazama majani yake yanapozeeka. Hayakauki tu, hugeuka rangi ya chungwa iliyokolea, moja moja, huku mengine yakiwa bado mabichi. Mti mzima unaonekana umewashwa taa kadhaa mchana kweupe. Huo ni mti wa kawaida kabisa, tunaupita kila siku tukienda dukani.

Ukitaka kutoka, nenda bustani ya miti ya Chagaik, karibu na mji wa Kericho, penye bwawa, miti mirefu na mbega. Kumbuka kwamba mashamba makubwa ni ya kampuni. Omba ruhusa kabla, usije ukaondolewa na mlinzi ukiwa ndiyo kwanza umemaliza anga.

4. Vifaa: tengeneza, usilie na bei

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi huishia njiani wakidhani sanaa ni ya wenye pesa za Nairobi.

Kama vidole havikazi, kata ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, uzungushe kwenye mpini wa brashi mpaka unenepe kiasi cha kushikika. Mpira hautelezi hata mkono ukiwa na jasho. Kama mkono haukunji kabisa, funga brashi kwenye kiganja kwa bandeji ya kunyumbulika, au mwombe fundi wa viatu akushonee mkanda wa ngozi wenye kifuko kidogo cha kuingiza mpini.

Kama huwezi kuinama wala kuinuka, refusha brashi. Henri Matisse, mchoraji Mfaransa, alifanyiwa upasuaji mkubwa mwaka 1941, na baada ya hapo alifanya kazi akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu. Alipokuwa akitengeneza kanisa dogo la masista Wadominika huko Vence, lililokamilika mwaka 1951, alifunga mkaa kwenye ncha ya fimbo ndefu ya mwanzi na kuchora akiwa mbali na ukuta. Sisi mwanzi tunao, Wakipsigis huuita tegat. Nunua au omba kwa jirani mwenye ua. Usiende kuukata msituni Mau bila kibali.

Mkaa wa kuchorea nao uko nyumbani. Senetwet, mti uleule ambao mkaa wake husugulia kibuyu cha maziwa ya mursik, hutoa mkaa laini na mweusi. Pakia vijiti vyembamba kwenye kopo la bati lenye kifuniko, toboa tundu dogo juu, weka motoni. Moshi ukiacha kutoka tunduni, ondoa kopo na uliache lipoe bila kulifungua. Ukifungua mapema, hewa inaingia na vijiti vinaungua vikawa majivu. Picha ikikamilika, inyunyizie kwa chupa maziwa yaliyoondolewa mafuta, mara mbili tatu na kwa umbali, ili mkaa usifutike. Wachoraji wa zamani Ulaya walifanya hivyo, na maziwa huku hayapungui.

Na chai yenyewe ni rangi. Chemsha majani mengi katika maji machache mpaka yawe mazito, upate kahawia nzuri ya vivuli na ya magome. Loweka humo misumari yenye kutu pamoja na siki kidogo usiku kucha, na ile kahawia itageuka kijivu cheusi, kwa sababu chuma hushikana na ukali ulio ndani ya chai. Chekecha udongo mwekundu, ukoroge na gundi nyeupe, unayo rangi ya barabara ya kwenda Litein. Angalizo moja tu: rangi ya chai hupauka juani, hivyo usiitundike picha mkabala na dirisha.

Stendi ya kuchorea? Fundi wa jua kali atakuchomelea bomba lenye skrubu linaloshika kwenye kiti cha magurudumu, na ubao juu yake. Peleka kiti chenyewe kwake, usimpelekee vipimo vya kichwani.

5. Anayechora kwa mdomo alinde meno na afya yake

Joni Eareckson wa Marekani alikuwa na miaka 17 alipopiga mbizi katika Ghuba ya Chesapeake, Julai 1967, akavunjika shingo. Tangu siku hiyo amepooza kuanzia mabegani kushuka chini. Wakati wa matibabu ya kumrudishia uwezo alijifunza kuchora akiwa ameng'ata brashi, na akawa mmoja wa Wakristo wenye ulemavu wanaojulikana zaidi duniani. Mwaka 1979 alianzisha huduma ya Joni and Friends. Mwanzoni alikataa kuchora kwa mdomo. Namtaja kwa ajili ya msomaji ambaye sasa hivi anakataa vilevile.

Ya kuzingatia: chagua rangi ambazo lebo yake inasema hazina sumu, na kaa mbali na rangi za mafuta zinazohitaji tapentaini, maana pua yako iko sentimita chache tu kutoka kwenye picha. Zungushia mpini kitu laini unachoweza kukibadilisha na kukiosha. Taya likichoka, acha. Brashi iwe ndefu kiasi ambacho macho yako yanaona kazi bila kukodoa. Kama unatumia mguu, laza ubao sakafuni au kwenye kiti kifupi, na vaa soksi iliyokatwa vidole, kwa kuwa baridi ya Kericho hukaza misuli.

6. Kijani si kimoja

Wanaoanza huchora chai kwa kijani cha kopo, mwisho wa habari. Sogea ukitazame kichaka. Juu kabisa kuna majani mawili na chipukizi, yale yanayochumwa, na rangi yake inakaribia njano. Chini yake kuna majani makuukuu, mazito, ya kijani cheusi. Katikati ya kichaka na kichaka kuna giza lenye zambarau kidogo. Baada ya mvua, majani ya juu huakisi anga, na pale unapodhani ni kijani kuna buluu nyepesi, hata nyeupe. Paka kwanza hiyo buluu, kijani kifuate.

Nyuma ya chai weka mikalitusi, ile inayopandwa kwa kuni za viwanda: kijani chake kina kijivu. Shamba lililopogolewa, na hufanyiwa hivyo kila baada ya miaka mitatu au minne, ni matawi ya kijivu matupu, na ni zuri sana kuchorwa kwa mkaa. Ipo hata chai ya zambarau, mbegu iitwayo TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa chai wa hapahapa Kericho. Ukiiona, usiibadilishe iwe kijani ili watu waamini.

7. Usiyeona vizuri, chora kwa vidole

Chora mistari ya mwanzo kwa gundi nyeupe yenye ncha nyembamba, iache ikauke, kisha ifuate kwa kidole unapopaka rangi. John Bramblitt wa Marekani, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 2001, huchora kwa mistari ya namna hiyo inayopapaswa, na hutofautisha rangi zake kwa uzito wake mkononi. Unaweza kufanya hivyo kwa vitu vya huku: changanya mchanga mwembamba kwenye kahawia, makapi ya chai kwenye kijani, na buluu uiache laini. Vyombo vya rangi vipange kwa utaratibu uleule kila siku, na wa nyumbani wakatazwe kuvihamisha.

8. Jiinue kitini

Kazi ikinoga mtu husahau mwili. Kama huna hisia chini ya kiuno, jiinue au egemea upande kila baada ya dakika 15 hadi 30, maana kidonda cha kukaa huanza bila maumivu na hukulaza miezi. Weka kengele kwenye simu. Picha haiondoki.

9. Mlete Yesu kwenye mlima huu

Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, alichora ukutani mwa kanisa la Kianglikana huko Murang'a, mwishoni mwa miaka ya 1950, matukio matano ya maisha ya Yesu: kuzaliwa, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Watu ni Waafrika, na ardhi ni ya milima ya kati ya Kenya. Mwaka 1965 alianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, na fundisho lake kubwa lilikuwa kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Njau hakuwa mlemavu, lakini somo lake ni letu.

Kalenda nyingi za Kikristo zinazotundikwa sebuleni zina ziwa la Uswisi na theluji. Kwa nini Zaburi ya 23 isipite kwenye majani ya Chepalungu? Maji matulivu yachukue kutoka Mto Nyangores, sehemu zake tulivu. Zaburi ya 104 ina ndege, chemchemi, nyasi za ng'ombe na maji yanayoshuka kutoka milimani. Unaweza kuichora aya kwa aya bila kutoka nje ya kaunti. Mawio ya jua nayo yana uzito wa peke yake huku, kwa kuwa wazee wa Wakipsigis walimwita Mungu Asis, jina linaloambatana na jua. Chora mapambazuko kwa heshima hiyo.

Ukipata usafiri, nenda kaone Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Kericho, lililowekwa wakfu mwaka 2015. Paa lake refu la vigae hupanda kama kilima, na ndani mwanga hushuka kutoka juu. Kaa nyuma uangalie jinsi mwanga unavyopungua kuelekea pembeni. Ni shule ya vivuli, bila ada.

10. Uzuri wa hapa una kilio ndani yake

Kampuni kubwa za chai zilianza kupanda hapa katika miaka ya 1920, na ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Familia nyingine nyingi zilisukumwa kando ili mistari hii iliyonyooka ipandwe. Madai yao hayajaisha mpaka leo.

Simwambii mtu achore siasa. Nasema Zaburi zina maombolezo mengi kama zilivyo na sifa, na mchoraji Mkristo anaruhusiwa yote mawili. Mti wa zamani uliobaki peke yake katikati ya chai, simotwet mmoja mkubwa, unasema mengi. Mwenye ulemavu, ambaye anajua kuishi na lililoondolewa, anaweza kuuchora kwa namna ambayo mwingine hataweza.

11. Picha iwe ushuhuda, na uisimamie mwenyewe

Kuna waumini watakaouliza kama kuchora si kutengeneza sanamu. Jibu kwa upole. Kutoka 20 inakataza kutengeneza sanamu za kusujudia, na kitabu hichohicho, sura chache mbele, kinaagiza maua ya mlozi yafuliwe kwenye kinara cha taa cha hema takatifu. Mandhari ni mlango mzuri wa kuanzia, kwa kuwa hakuna atakayekisujudia kichaka cha chai.

Omba nafasi ya ushuhuda. Weka picha mbele, eleza umeiona wapi na umemshukuru Mungu kwa nini. Kama husikii, picha inaweza kutangulia na lugha ya ishara ikafuata. Himiza kanisa litafute mkalimani, maana Katiba ya 2010 inaitambua lugha hiyo. Kama kuna ngazi kufika mimbarini, sema mapema, si asubuhi hiyo. Na usikubali kutambulishwa kwa masikitiko. Mtu akisema "tazameni, hata yeye ameweza", taja jina lako na jina la kilima, uendelee.

12. Bei

Jisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003. Kadi yake ndiyo njia ya kuomba vifaa saidizi na msaada wa kuanzisha kazi, na tathmini ya daktari hufanywa katika hospitali ya serikali. Uliza pia kuhusu chama cha kimataifa cha wachoraji wa mdomo na miguu, kilichoanzishwa Ulaya miaka ya 1950 na Arnulf Erich Stegmann, Mjerumani aliyepooza mikono kwa polio. Chama hicho huuza kadi zenye kazi za wanachama wake na kuwalipa, na huwapa wanaojifunza posho ya masomo. Stegmann alisisitiza kuwa wanunuzi wanunue kazi nzuri, wasitoe sadaka. Shika msimamo huo.

Hesabu karatasi, rangi, nauli ya bodaboda na saa zako, kisha taja bei bila kuinamisha macho. Picha yenye kasoro usiiuze kwa huruma, irekebishe. Kadi ndogo hutoka haraka kuliko picha kubwa: piga picha kazi yako mchana kwenye kivuli, ipeleke kwa mchapishaji mjini, na omba nakala moja ya majaribio, kwa sababu kijani ndicho huharibika kwanza kwenye mashine. Kadi za Krismasi ziwe tayari mwezi wa Oktoba, kabla kamati za akina mama na vikundi vya vijana havijaagiza zile za theluji.